Beni, Mganda na Bendi: Vikundi vya Muziki vya Miji Midogo na Njia za Kutambuliwa, kutoka Ufuko wa Ziwa Nyasa hadi Morogoro

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi vikundi vya muziki vya vijana wa vijiji na miji midogo ya Tanzania vilivyopata kutambuliwa mbali na mahali vilipoanzia. Mifano inayotumiwa ni miwili: mganda wa Mbinga na ufuko wa Ziwa Nyasa kwa upande mmoja, na bendi za jazi za Morogoro kwa upande mwingine. Kwa kuchambua msamiati wa vikundi hivyo, makala yanatoa hoja kwamba utambuzi wa kwanza wa kikundi hutolewa na wapinzani wake wa karibu, wala si na mji mkuu. Redio ilieneza utambuzi uliokwisha kupatikana, lakini pia iliubadili. Kwa hiyo utafiti unaoanzia kwenye kanda zilizorekodiwa unaanzia katikati ya historia.

1.0 Utangulizi

Barabara itokayo Songea kwenda Mbinga hupita Kitai, na hapo Kitai huchepuka barabara nyingine inayoteremka hadi Lituhi, ukingoni mwa Ziwa Nyasa. Eneo lote hilo lilikuwa wilaya moja ya Mbinga hadi mwaka 2012, ambapo ukanda wa ziwa ulitengwa kuwa Wilaya ya Nyasa, makao yake makuu yakiwa Mbamba Bay. Miongoni mwa Wamatengo, Wanyasa na majirani zao hupatikana ngoma kadhaa mashuhuri, zikiwemo lizombe, kioda, ambayo ni ngoma ya wanawake, na mganda, ambao ni ngoma ya wanaume.

Kati ya hizo, mganda una tabia ya pekee. Wachezaji hujipanga kwa safu kama askari wa gwaride, huvaa sare nadhifu, hufuata amri ya kiongozi mwenye filimbi, na huvumisha sauti za matarumbeta ambayo hawana. Kwa maneno mengine, kikundi cha mganda ni bendi isiyo na vyombo vya bendi. Mtu akiuliza kikundi kama hicho kinawezaje kujulikana nje ya kijiji chake, atakuwa ameuliza swali lile lile linaloulizwa kuhusu bendi yoyote ya mji mdogo, popote duniani: kutoka mahali pa mazoezi pasipoonwa na mtu hadi kutajwa na watu wasiowahi kufika huko, kuna hatua gani?

Jibu lililozoeleka ni kwamba kikundi hutambuliwa pale mji mkuu unapokisikia, hasa kupitia redio au santuri. Makala haya yanalitilia shaka jibu hilo. Ushahidi utakaotumiwa ni wa lugha, kwani msamiati wa vikundi hivi umehifadhi historia ambayo kanda za sauti hazikuihifadhi.

2.0 Neno Moja Lililokopwa Mara Mbili

Kiingereza kina neno moja kwa maana ya kundi la wapiga muziki, lakini Kiswahili kimelikopa neno hilo mara mbili. Mara ya kwanza liliingia kama beni, katika pwani ya Kenya, miaka ya 1890, likiwa jina la ngoma ya mashindano iliyoiga gwaride la kijeshi na matarumbeta ya Kizungu. Mara ya pili liliingia kama bendi, kwa maana ya kundi la wanamuziki wenye ala za kisasa.

Maneno yote mawili yamo katika ngeli ya I-ZI, na yote mawili yana irabu /e/ mahali pa irabu ya Kiingereza, kama ilivyo katika neno benki. Tofauti iko kwenye konsonanti. Kiswahili hakina tatizo lolote na mfuatano /nd/, kama yanavyoonyesha maneno kanda, kitanda na kinda. Kwa sababu hiyo, kudondoka kwa /d/ katika beni hakuwezi kuelezwa kwa kanuni za silabi za Kiswahili. Maelezo yanayoelekea kufaa zaidi ni ya njia ya ukopaji. Katika usemi wa haraka wa Kiingereza, /d/ ya mwisho wa neno hili aghalabu husikika kwa shida. Yaelekea, basi, kwamba beni ni neno lililopokewa na sikio, katika viwanja vya gwaride, ilhali bendi lina alama ya watu waliolijua neno hilo pia kwa maandishi. Si kwamba umbo la pili ni sahihi na la kwanza ni kosa. Ni vizazi viwili vilivyokutana na kitu kile kile katika mazingira tofauti.

Utafiti maarufu wa Terence Ranger kuhusu beni, uliochapishwa mwaka 1975, umeonyesha kwamba ngoma hiyo haikuwa uigaji mtupu. Ilipandikizwa juu ya utamaduni wa zamani wa pwani wa kugawanyika katika makundi mawili yanayoshindana kwa mavazi, karamu na tungo. Mombasa yalikuwapo makundi ya Kingi na Skochi. Huko Tanganyika yakawapo Marini na Arinoti. Vikundi hivyo vilikuwa na vyeo vingi vya kijeshi na kifalme, na vilisaidia wanachama wao katika maradhi na mazishi.

Cheo cha kingi kinastahili kutazamwa kwa makini. Kiswahili kilikuwa tayari na neno mfalme. Kama lengo lingekuwa kutaja mtawala tu, ukopaji huo usingehitajika. Lakini mfalme ni mtu anayetawala nchi, ilhali kingi ni mtu aliyewekwa na wenzake kuongoza ngoma. Maneno hayo mawili yaligawana maana. Fundi, karani au mpagazi hakuweza kuwa mfalme, lakini aliweza kuwa kingi. Hapa ukopaji wa neno ulifungua nafasi ya kijamii ambayo msamiati wa zamani haukuwa nayo.

3.0 Mganda: Bendi ya Vibuyu

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Ziwa Nyasa lilikuwa miongoni mwa mahali pa mwanzo kabisa kusikia mizinga. Mwezi Agosti 1914, meli ya Waingereza Gwendolen iliishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann ikiwa Sphinxhafen, yaani Liuli ya leo. Katika miaka iliyofuata, maelfu ya askari na wapagazi kutoka nchi zinazozunguka ziwa walitumika katika kampeni ya Afrika Mashariki. Ranger anaeleza kwamba askari wa vikosi vya King's African Rifles waliorudi Nyasaland walikuwa miongoni mwa walioieneza beni bara. Huko ikazaa ngoma nyingine zenye majina ya wenyeji: mganda, malipenga, na kwa wanawake chioda, ambayo kwa matamshi ya upande wa Tanzania ni kioda.

Majina haya yana mengi ya kueleza. Malipenga ni wingi wa lipenga, yaani tarumbeta. Kiambishi li- cha ngeli ya tano, ambacho katika nomino za Kiswahili kimedondoka au kugeuka kuwa ji-, kingali hai katika lugha za eneo hili, nacho kimejikita hata katika majina ya mahali: Liuli, Lituhi, Litembo, na ng'ambo ya maji, Likoma. Hali kadhalika jina la lizombe. Kwa hiyo, wakati beni ilikuwa neno la kigeni lililovaa irabu ya Kiswahili, malipenga ni dhana ya kigeni iliyopewa jina la kienyeji kabisa. Kadiri ngoma ilivyosafiri mbali na pwani, ndivyo jina lake lilivyozidi kuwa mali ya wenyeji.

Jambo hilo hilo limetokea kwa ala. Tarumbeta la shaba lilikuwa ghali na halikupatikana vijijini. Mahali pake pakachukuliwa na kibuyu kilichotobolewa, tundu moja likafunikwa kwa utando mwembamba wa buibui. Mchezaji huimba ndani yake, na utando huo huigeuza sauti ya binadamu kuwa mvumo wa tarumbeta. Vibuyu vikubwa hutoa sauti nzito na vidogo sauti nyembamba, hivyo kundi likapata safu nzima ya matarumbeta kutoka shambani. Ngoma kubwa hushika mapigo.

Ulinganisho na mahali pengine unasaidia. Kuanzia mwaka 1976, vijana wa Uingereza waliojiita wapanki walidai kwamba mtu anayejua kushika nyuzi chache za gitaa anatosha kuunda bendi, na kwamba chumba cha chini ya nyumba kinatosha kuwa ukumbi wa mazoezi. Mwezi Januari 1977, kikundi cha Buzzcocks cha Manchester kilijitolea chenyewe santuri yake kwa fedha za kuazima, bila kungoja kampuni za London. Wacheza mganda walikuwa wamekwisha kufanya jambo la aina hiyo zaidi ya nusu karne kabla, tena bila gitaa. Hata hivyo mwelekeo wao ulikuwa kinyume. Mpanki alionyesha uhuru wake kwa kuchana nguo na kuvuruga mapigo. Mcheza mganda aliuonyesha kwa soksi nyeupe, mstari ulionyooka na mguu usiokosea. Katika nchi ambamo gwaride lilikuwa la mtawala, kulicheza gwaride hilo kwa ustadi bila kuamriwa na mtawala lilikuwa tendo lenye uzito wake.

Maana ya tendo hilo imezua mjadala. J. Clyde Mitchell, katika uchambuzi wake wa ngoma ya kalela katika miji ya migodi ya Zambia, uliotolewa mwaka 1956, aliyaona mavazi na vyeo vya Kizungu kuwa dalili ya kutamani heshima ya wenye mamlaka. Ranger alisisitiza zaidi mwendelezo wa mashindano ya Waafrika wenyewe. Ushahidi wa lugha unaelekea kumuunga mkono Ranger. Miongoni mwa Watonga wa Nkhata Bay, upande wa Malawi, kikundi cha malipenga huitwa boma. Wakati wa ukoloni, boma lilikuwa ofisi ya serikali, mahali pa kulipia kodi na kuhukumiwa. Kundi la vijana linapojiita boma, halisemi kwamba linatamani kuingia katika ofisi hiyo. Linasema kwamba lina ofisi yake.

4.0 Jazi ya Morogoro

Kizazi cha bendi kilianza mijini. Katika miaka ya 1930, Dar es Salaam ilikuwa na vilabu vya dansi, na neno jazi likaanza kutumika kwa maana ambayo Mmarekani asingeitambua. Katika Kiswahili, jazi haikuwa aina ya muziki wa New Orleans. Ilikuwa kundi la kupiga dansi, hasa lenye magitaa, tumba na vipulizwa kama mdomo wa bata. Miundo ya majina inathibitisha hivyo: Dar es Salaam Jazz, Tabora Jazz, Kilwa Jazz, Ulanga Jazz. Neno la pili linataja kundi, na neno la kwanza linataja kwao.

Morogoro, umbali wa takriban kilomita 200 magharibi ya Dar es Salaam, ni mji uliokua kwa reli na mashamba ya katani. Morogoro Jazz iliundwa huko mwaka 1944. Mwaka 1948 Salum Abdallah aliunda kundi lililokuja kujulikana kama Cuban Marimba, likichota mapigo ya Kikyuba kutoka katika santuri zilizokuwa zikiuzwa Afrika Mashariki. Majina haya mawili yanakamilishana. La kwanza linauchukua mji mdogo na kuuweka karibu na neno la dunia. La pili linaichukua dunia na kuiweka katika mji mdogo. Hakuna aliyedhani kwamba wanamuziki wale walitoka Cuba, kama ambavyo hakuna aliyedhani kwamba kingi wa beni ametoka Uingereza.

Mbaraka Mwinshehe alijiunga na Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960, karibu na wakati ule ambapo Salum Abdallah alifariki katika ajali ya gari, mwaka 1965. Cuban Marimba iliendelea chini ya Juma Kilaza, na ushindani wa bendi hizo mbili ukaendelea. Mwaka 1970 Morogoro Jazz iliiwakilisha Tanzania katika Maonyesho ya Dunia yaliyofanyika Osaka, Japani. Mwaka 1973 Mbaraka aliiacha bendi hiyo na kuunda Super Volcano. Alifariki Januari 1979 kutokana na ajali ya gari huko Mombasa, akiwa na umri wa miaka 34.

5.0 Mshindani Ndiye Shahidi wa Kwanza

Inavutia kwamba mji mdogo kama Morogoro haukutoa bendi moja mashuhuri bali mbili, na kwamba zilikuwa mahasimu. Tanga ilikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Dar es Salaam, kuanzia 1978, ilikuwa na mashabiki wa Msondo na wa Sikinde. Zanzibar na Mombasa, vikundi vya taarabu na lelemama vilijipanga vivyo hivyo. Mpangilio wa wawili wawili ni ule ule wa Kingi na Skochi, Marini na Arinoti, na ni ule ule unaoonekana katika mganda, ambamo kikundi cha kijiji kimoja hualikwa na cha kijiji kingine ili kushindana mbele ya umma.

Katika mpangilio huo, mtu wa kwanza kuutambua ubora wa kikundi ni mpinzani wake. Yeye ndiye anayejua gharama ya kila hatua, na kumwalika ni kukiri kwamba anafaa kushindana naye. Kikundi kisichoalikwa popote hakijulikani, hata kikiwa na sare nzuri namna gani. Msamiati wa mtindo unaonyesha kwamba bendi zilirithi mantiki hii. Kila bendi ilipaswa kuwa na mtindo wake wenye jina: Western Jazz walikuwa na Saboso, Super Volcano walikuwa na Masika. Jina la mtindo si maelezo ya mapigo peke yake. Ni bendera ya kutofautisha kambi moja na nyingine. Si ajabu kwamba majina mengine ya mitindo, kama Sikinde na Msondo, yalichukuliwa kutoka katika ngoma za jadi za Uzaramo. Bendi ilipohitaji bendera, ilirudi ngomani.

Kwa mantiki hiyo, Morogoro Jazz haikutambuliwa kwa sababu Dar es Salaam iliisikia. Dar es Salaam iliisikia kwa sababu miaka mingi ya kukabiliana na Cuban Marimba ilikuwa imekwisha kuifanya bendi isiyoweza kupuuzwa.

6.0 Redio na Gharama ya Kutambuliwa

Utangazaji wa redio ulianza Dar es Salaam mwaka 1951, na mwaka 1965 ikaundwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Kwa miaka mingi studio za chombo hicho ndizo zilizokuwa mahali pakuu pa kurekodia bendi nchini. Santuri zenyewe nyingi zilichapwa Nairobi. Redio ilimwezesha msikilizaji wa Kitai kuijua bendi ya Morogoro bila kusafiri mamia ya kilomita.

Lugha ndiyo iliyowezesha hatua hiyo. Bendi za Morogoro, mji wa Waluguru, ziliimba kwa Kiswahili, lugha ambayo Mmatengo, Msukuma na Mdigo waliweza kuisikiliza bila yeyote kati yao kujiona mgeni. Nyimbo za mganda zinazotungwa kwa Kinyasa au Kimatengo zina wasikilizaji wanaozielewa hadi fumbo la mwisho, lakini mipaka yake ni mipaka ya lugha hizo. Hapa kuna uchaguzi wenye gharama kila upande. Mtunzi wa Kiswahili hupata taifa zima na hupoteza mafumbo yanayoeleweka na majirani tu; mtunzi wa lugha ya nyumbani huyahifadhi mafumbo na hukosa taifa.

Gharama ya pili ni ya mashindano yenyewe. Kikundi kilichoalikwa kijijini hukutana na watu wanaoweza kujibu. Msikilizaji wa redio hawezi kujibu. Anaweza kupenda au kuzima. Utambuzi uliokuwa mazungumzo ukageuka kuwa sifa ya upande mmoja. Pamoja na hayo, wimbo uliorekodiwa ulitengana na watu walioupiga. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, iliyochukua nafasi ya ile ya 1966, ilitungwa mwaka 1999, yaani miaka 20 baada ya kifo cha Mbaraka. Kutambuliwa na nchi nzima hakukuwa sawa na kulipwa na nchi nzima. Kingi wa beni, ambaye kikundi chake kilikuwa kikimuuguza na kumzika, alikuwa na dhamana ambayo mwanamuziki mashuhuri wa redio hakuwa na uhakika nayo.

7.0 Hitimisho

Historia ya maneno beni, mganda, jazi na bendi inaonyesha mkondo mmoja. Vijana wa mahali padogo hujipa majina makubwa, hutengeneza ala kwa kilichopo, hujipima kwa wapinzani wa jirani, na kutoka hapo hutambulika mbali. Redio ilikuwa hatua ya mwisho ya mkondo huo, wala si chemchemi yake. Kwa kuwa ndiyo hatua iliyoacha kanda, imekuwa rahisi kwa watafiti kuidhania kuwa ndiyo historia yote, na hivyo mganda ukabaki katika orodha za ngoma za asili ilhali Morogoro Jazz ikawekwa katika historia ya muziki. Uainishaji huo unatenganisha ndugu wawili wa ukoo mmoja.

Matokeo yake kwa utafiti ni bayana. Wataalamu wa isimu, akiwemo Nobuko Yoneda wa Japani, wamekwisha kuushughulikia msamiati wa Kimatengo kwa jumla. Kazi inayofuata kwa wanafunzi wa shahada za juu ni msamiati wa mganda wenyewe, kijiji kwa kijiji, kuanzia Kitai hadi Lituhi na kusini hadi Mbamba Bay: vyeo vya viongozi, majina ya vibuyu kwa ukubwa wake, amri za gwaride, istilahi za kualika na kualikwa, na majina ya vikundi na ya mahasimu wao. Maneno hayo hayamo katika maktaba ya kanda. Yamo vinywani mwa wazee waliocheza, na kila mzee anayezikwa bila kuulizwa huondoka na jina la kikundi kilichowahi kujulikana ufuko mzima.